Mashine Inayoshika Sabato

Jumapili, 1 Agosti 1999. Homa Bay.

Leo nimekunywa chai nyingi mno kwa Mzee Kerosi. Kila aliponiuliza kazi yangu nilijaza mdomo.

Mzee Kerosi ni muuza mbao hapa Homa Bay, mzee wa kanisa letu la Waadventista, na baba wa Bonareri. Bonareri ndiye nitakayemwoa. Yeye mwenyewe alikubali tangu mvua za Aprili. Amebaki baba. Baba amesema atapokea wazee wangu wa posa akishajua mambo mawili: Arasa anafanya kazi gani, na hiyo kazi inashika Sabato au la.

La kwanza nilimweleza nikatoka jasho. Kwamba nina kompyuta, niliyoinunua chuo cha taipu kilipofungwa. Kwamba binamu yangu Valentine, aliye Nairobi, hunitumia disketi yenye orodha ya bidhaa za duka moja la Amerika. Kwamba mteja akichagua kitu kwenye mashine yangu, Valentine anakiagiza kwa kadi ya benki ya bosi wake, na duka linanilipa kamisheni. Mzee akauliza hizo bidhaa ziko wapi. Nikasema Amerika. Akauliza kama nimewahi kuziona. Hapana. Wateja je? Nao hapana. Akasema Gichana ana kinu cha kusaga unga huko Suna, mtaa wangu kule Migori, na unga wake unaonekana.

Gichana! Yeye pia anamtaka Bonareri. Na sifa yake ni ipi? Kila Ijumaa jioni anazima kinu. Kelele inakatika, mtaa mzima unajua Sabato imeingia, akina mama wanaanza kuogesha watoto. Mtu anasifiwa Homa Bay na Migori kwa kunyamaza tu!

Hapo ndipo mdomo wangu ulipokimbia na kuniacha nyuma. Nikamwambia Mzee kwamba kinu cha Gichana huzimwa na mkono wa mtu, lakini mashine yangu hushika Sabato yenyewe. Haiguswi na mtu yeyote. Inajua.

Mzee akaweka kikombe chini. Akasema kwaya yao inakuja Migori Sabato ijayo, atapita aione.

Hakuna mashine kama hiyo. Nina siku chache za kuitengeneza.

Jumanne, 3 Agosti. Suna, Migori.

Nimeweza! Mimi ni mtu hatari.

Ndani ya disketi ya Valentine, pamoja na orodha, kuna kitu kinaitwa JavaScript library. Ni maneno yaliyoandikwa tayari ambayo kazi yake ni kutafuta. Unaandika jina la kitu kwa Kiingereza, yanapekua orodha yote na kukuletea kilichopatikana. Sio kwamba yana akili sana. Jana mvuvi wa Homa Bay alitaka nyavu. Nikaandika «net», mashine ikaleta kabati, sumaku na kofia ya mtoto, kwa kuwa herufi hizo zimo ndani ya majina yao ya Kiingereza. Mvuvi alikaa akaitazama hiyo kofia kwa heshima, akaenda zake.

Lakini uzuri wa JavaScript ni kwamba unaweza kuongeza maneno yako. Unaweza kuiuliza leo ni siku ya ngapi, nayo inakujibu kwa namba. Basi nimeandika hivi: kama siku ni 7, usitafute kitu, onyesha maandishi makubwa, LEO NI SIKU TAKATIFU. TUMEPUMZIKA. Saba, maana Sabato ni siku ya saba. Hilo mtoto wa shule ya Sabato anakwambia akiwa usingizini.

Valentine aliniandikia zamani kwamba kila kitu kijaribiwe kwanza. Nisogeze saa ya kompyuta hadi Jumamosi, niangalie. Nimelitafakari jambo hili kwa maombi. Kuileta Sabato siku ya Jumanne, nikiwa nafanya kazi, ili nione kama inafanya kazi? Hiyo itakuwa dhambi mara mbili. Sikujaribu.

Badala yake nimetumia mchana mzima kuandika kibao cha mlangoni kwa rangi nyekundu: MASHINE HII HUSHIKA SABATO YENYEWE.

Ijumaa, 6 Agosti. Kabla jua halijazama.

Hamud, mwenye nyumba, amesoma kibao na kuniuliza kama mashine imesilimu au imeokoka. Hamud anauza magodoro na sufuria chumba cha mbele, na ana ufunguo wa chumba changu kwa sababu mita ya stima iko humo. Nimemwomba asiizime kesho. Iachwe inawaka, watu waone kwa dirisha jinsi inavyopumzika. Akasema hakuna neno.

Kinu cha Gichana kimenyamaza sasa hivi. Nikacheka peke yangu. Zima, ndugu yangu, zima! Kesho utaona Sabato ya kisasa.

Jumamosi, 7 Agosti. Jua limezama, ninaruhusiwa kuandika.

Natamani jua lisingezama, nisiwe na la kuandika.

Ibada ilikuwa nzuri. Kwaya ya Homa Bay iliimba, Bonareri akiwa mstari wa mbele na sare aliyoishona mwenyewe. Baada ya chakula nikamshika Mzee Kerosi mkono, taratibu, tukatembea hadi Suna na wazee wengine wawili. Bonareri nyuma. Gichana nyuma ya Bonareri, bila kualikwa.

Kutoka mbali nikaona watu mlangoni kwangu. Nikamwambia Mzee, umeona, wanakuja kuishangaa ikipumzika. Tulipokaribia nikasikia kinanda. Mimi mwenyewe niliiwekea hiyo sauti ya kinanda, ili ilie kila mteja anapopata kitu. Ilikuwa inalia bila kupumua.

Kumbe Hamud alifungua kwenda kuangalia mita, watu wakaingia kuichungulia mashine takatifu, mmoja akabonyeza, ikamkaribisha. Wakakaa. Tangu nianze biashara hii sijawahi kupata wateja wengi kama hao! Mtu wa Kehancha alikuwa anatafuta trekta. Kijana mmoja alikuwa anatafuta mchumba, na kwa bahati mbaya alikuwa anapata viatu.

Mzee Kerosi alisimama mbele ya kibao. Akakisoma chote kwa sauti, neno moja moja, kama anayesoma somo. Kinanda kikamjibu. Wale wazee wawili wakatazama chini. Gichana akakohoa, kikohozi cha mtu mwenye furaha.

Mzee hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Alisema tu wakati wa kwaya kurudi umefika. Bonareri alibaki nyuma kidogo akaniuliza kwa nini sikuizima. Nikamweleza kwamba ikizimwa haitakuwa inashika Sabato, itakuwa imezimwa tu. Akanitazama hivi, muda mrefu, akasema atamwomba baba anipe nafasi nyingine wakati wa makambi, ile mikutano yetu ya mahema.

Mungu amweke huyo msichana.

Jumapili, 8 Agosti.

Nimelijua kosa! Namba!

Asubuhi Hamud alikuja kuomba radhi na kahawa mkononi. Nikamweleza kwamba niliandika saba na Sabato ikapita mashine haijali. Hamud akashangaa. Saba kivipi? Ijumaa ndiyo kubwa, na wiki inaanza kesho yake. Akanihesabia kwa vidole: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Jina lenyewe linasema, alisema, wewe Arasa huwa humsikilizi hata Mswahili?

Nilitaka kubishana, nikakumbuka jana. Saba imenitia aibu mbele ya kanisa, nani wa kuitetea? Nikafuta saba, nikaweka moja. Nikaibonyeza pale pale. Ikatafuta vizuri, kinanda kikalia. Basi hesabu ni sawa, maana leo si Sabato na imekubali kufanya kazi.

Nimelala mchana kwa amani.

Jumatatu, 9 Agosti.

Afadhali ningeendelea kulala.

Leo nilikuwa na mteja wa kweli. Mwalimu Phelesia, mwalimu mkuu kutoka Ndhiwa, alikuja kuagizia shule yake darubini za sayansi. Darubini! Nyingi! Nikampangusia kiti kwa shati langu. Nikamwambia kaa hapa mwalimu, sasa hivi utaona maajabu. Nikawasha.

LEO NI SIKU TAKATIFU. TUMEPUMZIKA.

Nikabonyeza tena. Tumepumzika. Mwalimu Phelesia akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniuliza kwa upole ni dhehebu gani hili linaloshika Jumatatu, maana yeye amefundisha dini miaka yote hiyo na hajalisikia. Nikasema ni kasoro ndogo. Nikaingia kwenye yale maneno niifute ile moja, nimekaribia kabisa. Stima ikapotea.

Tulikaa gizani, mimi na mwalimu mkuu. Aliniambia nisijali, nyathina, mwanangu, mapumziko ni kitu kizuri, yeye ataandika barua Kisumu. Nikamsindikiza hadi barabarani nikimbebea mwavuli, ingawa hapakuwa na mvua wala jua kali.

Stima imerudi saa kumi. Kinu cha Gichana kilikuwa kinasaga kama kawaida, na foleni ya wamama.

Jumanne, 10 Agosti.

Nimempigia Valentine simu kutoka posta. Laini mbaya, nyuma yangu watu wamejipanga wakinung'unika. Nikapiga kelele: siku za JavaScript zinahesabiwaje? Akapiga kelele kwamba kosa langu ni la kila mtu, mashine haianzi kuhesabu na moja kama binadamu, inaanza na sifuri. Nilisikia hivyo vizuri. Akaanza kusema, kwa hivyo Jumapili… laini ikakatika. Mtu wa nyuma yangu akaingia na kiwiko chake.

Lakini nilichohitaji nimekipata. Mashine inaanza na sifuri badala ya moja. Maana yake kila namba ipunguzwe moja. Niliyonayo ni moja. Moja ukitoa moja ni sifuri. Hesabu ya darasa la kwanza! Nimeweka sifuri.

Sikujaribu. Ile sababu ya dhambi bado ipo.

Nimepanga hivi. Makambi ya Homa Bay yanafungwa Sabato hii. Jumapili wazee wote watakuwa kwa Mzee Kerosi wakikunja mahema. Nitaibeba kompyuta hadi pale, niwaonyeshe ikifanya kazi siku ya kazi, kwa adabu, bila mtu wa Kehancha na trekta yake. Halafu nitawaeleza mbele ya wote jinsi itakavyonyamaza Sabato ijayo. Mzee atasema neno moja, karibu, na posa imefunguka.

Ijumaa, 13 Agosti. Homa Bay.

Nimefika na kompyuta ikiwa imefungwa katika blanketi kama mgonjwa. Njiani watu walinipisha na kunipa pole. Nimeihifadhi stoo ya mbao ya Mzee Kerosi, imezimwa, imefunikwa. Itashika Sabato vizuri humo.

Bonareri ameniletea uji. Amesema baba amelainika. Amesema Gichana naye ametuma salamu kwamba wazee wake wako tayari wakati wowote. Aliposema hivyo hakunitazama, alikuwa anatazama uji. Roho ilinipasuka. Nampenda huyu mtu jamani, na sijawahi kumwambia neno la maana zaidi ya kamisheni.

Nitamwambia Jumapili, mambo yakishanyooka.

Jumapili, 15 Agosti. Homa Bay.

Niko mzima. Mwilini.

Wazee walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Walikunja mahema, wakaketi kwenye mbao, wakapewa chai na viazi vitamu. Mzee Kerosi mwenyewe aliniruhusu nivute waya wa stima kutoka stoo. Nikaweka meza katikati ya uwanja. Nikasimama. Nikatoa hotuba fupi, kwamba binadamu husahau lakini mashine haisahau, kwamba hii hapa inaijua siku takatifu kuliko wengi wetu. Sauti za kuitikia zikasikika. Bonareri alikuwa mlangoni na sinia.

Nikamwomba Mzee ataje kitu chochote anachokitaka duniani. Akafikiri, akasema msumeno. Nikaandika msumeno kwa Kiingereza. Nikabonyeza kwa kidole kimoja, kwa mbwembwe, huku nimewageukia wazee badala ya kutazama kioo.

Kinanda hakikulia.

Nikaona nyuso zao kwanza. Mzee mmoja aliyekuwa anatafuna kiazi alikiacha shavuni. Nikageuka.

LEO NI SIKU TAKATIFU. TUMEPUMZIKA.

Jumapili! Mbele ya wazee wa Waadventista! Watu ambao wametumia wiki nzima chini ya mahema wakihubiriwa kwamba siku takatifu si Jumapili! Mimi Arasa, mwana wa shemasi, nimebeba mashine kutoka Migori na kuvuta waya ili kuwatangazia kwamba ni Jumapili!

Ilikuwa saa ambayo Wakatoliki wanatoka misa. Katekista mmoja alikuwa anapita kwa ua, akachungulia, akayasoma yale maandishi. Akavua kofia. Akaniambia kwa ukarimu wa kweli kwamba ninakaribishwa wakati wowote. Sijui kama kuna kitu kingeweza kuniumiza zaidi ya wema wake.

Mzee Kerosi aliinuka, akaja akasimama karibu nami. Hakuwa na hasira, alikuwa na huruma, na ndipo nilipojua nimekwisha.

“Arasa, mwanangu,” alisema. “Sabato umeifungua, Jumapili umeifunga. Wewe ni wa kanisa gani?”

Nilianza kueleza habari ya sifuri. Nilieleza kwa muda mrefu. Nilipomaliza, uwanjani palikuwa na mimi, meza, na kuku.

Jumatatu, 16 Agosti. Suna.

Bonareri amekuja Migori kununua vitambaa, akapita kwangu. Nilijificha nyuma ya mlango, halafu nikaona aibu ya kujificha, nikatoka.

Hakuketi. Aliniambia Jumatano wazee wa Gichana wanakwenda kwa baba yake na baba atawapokea. Akasema yeye hajakubali lolote na hatakubali mpaka anisikie mimi. Baba si mtu mgumu. Amewasamehe watu wenye makosa makubwa, alimradi wamekuja wenyewe.

“Njoo Jumatano asubuhi, kabla yao,” alisema. “Njoo bila mashine. Mwambie baba, nimekosa. Maneno mawili tu, Arasa.”

Halafu akalia kidogo, akajifuta na kitambaa kipya ambacho hata hajakishona, akaenda. Nami nililia. Nililia hadi Hamud akaja kuuliza kama godoro lina shida.

Nitakwenda. Mbele ya Mungu, nitakwenda. Nimekosa. Ni maneno mawili, hata moja ukihesabu vizuri.

Jumanne, 17 Agosti.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Siwezi. Nikisema nimekosa, mdomo unaongeza lakini. Nimekosa lakini stima. Nimekosa lakini Hamud. Nimekosa lakini sifuri. Mbele ya Mzee Kerosi nitasema lakini hadi jioni, na Gichana atanikuta hapo hapo nikiendelea.

Na tena, mtu anakwenda kuomba msamaha mikono mitupu? Hiyo si heshima.

Saa tisa nikapata wazo. Nikawasha mashine. Nikaandika «sorry». Kinanda kikalia! Moja, mbili, tatu, ukurasa mzima! Kumbe Wamarekani wameshatengeneza kadi za kuombea msamaha! Zipo za maua, za dubu analia, na iliyo nzuri kuliko zote ni ya dhahabu pembeni, ukiifungua inapiga muziki na kusema maneno yenyewe kwa sauti ya mwanaume mzima. Hasemi lakini hata mara moja. Nimekimbia posta, nimempigia Valentine, nimemwambia aagize ile ya dhahabu. Mzee Kerosi atafungua, atasikia, atalainika. Kwa Kiingereza, lakini kizuri.

Valentine anasema itafika baada ya wiki sita, pengine nane, meli na posta zikielewana.

Jumatano, 18 Agosti.

Asubuhi kinu cha Gichana hakikuwashwa. Wazee wake walipita mbele ya mlango wangu wakiwa na makoti, na Gichana katikati yao amepaka mafuta hadi masikioni. Akanipungia mkono. Nami nikampungia, kwa ukunjufu. Maskini, hana habari ya kadi.

Sikwenda Homa Bay. Ningekwenda kusema nini mapema hivi? Mtu akiomba msamaha kabla kadi haijafika ataonekana ana haraka, na Mzee hapendi watu wa haraka. Nimempa mfanyabiashara mmoja wa Homa Bay ujumbe ampelekee Bonareri: asubiri, msamaha umeshaagizwa, uko njiani kutoka Amerika.

Jioni yule mfanyabiashara amerudi. Anasema alimkuta Bonareri amesimama barabarani tangu asubuhi, akitazama upande wa Migori. Alipompa ujumbe aliuliza mara mbili kama ndio ujumbe wenyewe. Halafu akaingia ndani, akachukua sinia, akawapelekea wageni wa Gichana chai.

Vizuri. Ametulia. Mwanamke mwenye subira ni baraka. Na nimekumbuka jambo lingine sasa hivi nikiandika: kwa kuwa kadi imeagizwa kupitia mashine yangu, kamisheni inakuja kwangu. Suna nzima, hakuna aliyewahi kuomba msamaha kwa faida.